Gari-nyumba letu na feri sita za pwani ya kaskazini ya Norwe: naomba ushauri

Msafiri wa Polepole

Ndugu wapendwa, natanguliza salamu. Kuanzia wiki ya pili ya Juni, mimi na mume wangu tumepanga kusafiri na gari-nyumba la kukodi kutoka Steinkjer hadi Bodø kwa barabara ya pwani inayoitwa Kystriksveien, yaani barabara ya mkoa namba 17, kisha kutoka Bodø tuvuke kwenda visiwa vya Lofoten. Tutakuwa na mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 71, ambaye ana afya njema na hamu kubwa ya kuliona jua la usiku wa manane, ila bahari haimpendi hata kidogo. Hata mashua ikipita ghubani kukiwa shwari, yeye hushikwa na kichefuchefu.

Katika karatasi zake gari lina urefu wa mita 6.99 na kimo cha mita 3.1, na nyuma tutafunga kibebeo cha baiskeli mbili. Mume wangu anaona ni afadhali tushike barabara kuu ya E6, ambayo kutoka Steinkjer hadi Fauske haina kivuko hata kimoja, tukaingia Bodø baada ya siku mbili bila kumpigia mtu hodi. Mimi moyo wangu uko pwani, lakini sitaki kuwaburuta wenzangu katika jambo ambalo sijalielewa.

Ninachoomba kufahamishwa ni haya. Je, feri hizo sita huwekewa nafasi mapema, au mtu hufika tu na kupanga foleni? Nauli hukokotolewa vipi kwa gari la aina hii? Nimesikia kwamba magari marefu hukwaruza mkia wakati wa kupanda au kushuka. Je, jambo hilo hutokea kweli, na huepukwaje? Mitungi ya gesi tuifanyeje tukiwa majini? Na zaidi ya yote, mama anaweza kubaki amelala kitandani ndani ya gari wakati wa kuvuka, au atalazimika kupanda ngazi kwenda juu kila mara? Nitashukuru kwa kila neno.

Mtembea Pwani

Dada, nimeipita barabara hiyo mara mbili, mara moja nikielekea kaskazini na mara ya pili nikirudi kusini, zote nikiwa na gari-nyumba la ukubwa unaokaribiana na lenu. Nakusihi usiiache. E6 ni barabara nzuri ya kufika unakokwenda, lakini kwa sehemu kubwa inapita mabondeni, mbali na bahari, ilhali Kystriksveien yenye takribani kilomita 650 inaishi na bahari tangu asubuhi hadi jioni. Feri ndizo zinazokupa nafasi ya kuitazama, kwa sababu kwenye barabara ile nyembamba dereva hana ruhusa ya kutazama kitu kingine ila barabara.

Vivuko vyenyewe, ukitoka kusini, vinafuatana hivi: Holm kwenda Vennesund, Horn kwenda Anddalsvågen, Forvik kwenda Tjøtta, Levang kwenda Nesna, Kilboghamn kwenda Jektvik, na mwisho Ågskardet kwenda Forøy. Kile cha tatu na cha tano huchukua kama saa moja kila kimoja. Vingine ni vya dakika 20 au zaidi kidogo, na hicho cha mwisho ni cha dakika 10 tu, kiasi kwamba hujamaliza kufunga mkanda wa koti mlango wa mbele unaanza kufunguka. Hakuna kuweka nafasi. Anayetangulia ndiye anayepanda, na ukikosa feri hii unasubiri ijayo. Kwenye gati utakuta mistari yenye namba. Ingia katika mstari unaoonyeshwa, zima injini, na usitoke kwenda mbali, kwa kuwa mabaharia wakianza kupunga mkono foleni huondoka yote kwa dakika chache. Usishangae pia wakiacha gari lililokuwa nyuma yako litangulie. Wanapanga uzito, na magari mazito hukaa katikati ya sitaha ili feri isilale upande mmoja.

Ratiba za siku za kazi, Jumamosi na Jumapili hazifanani, na hapo ndipo wageni wengi hunasa. Tumia programu ya Entur, ambayo inaonyesha usafiri wa umma wa nchi nzima pamoja na feri, na kila jioni tazama saa za kesho. Angalia hasa feri ya mwisho, kwani Juni usiku hauingii giza na mtu husahau kabisa kwamba saa zimekwenda.

Kuhusu nauli, kinachotazamwa ni urefu wa gari, si idadi ya vitanda vilivyomo. Kuna daraja la hadi mita 6, la zaidi ya hapo hadi 7, kisha hadi 8, na kuendelea. Kwa hiyo gari lenu la mita 6.99, likiongezewa kibebeo cha baiskeli kinachochomoza nyuma, linaweza kuvuka kiwango cha mita 7 kwa kipande kisichofika hata mita moja. Pimeni kwa futi ya chuma siku mnayokabidhiwa gari, baiskeli zikiwa zimefungwa, na baharia akiwauliza urefu mtajieni namba hiyo. Malipo huendeshwa na mfumo wa AutoPASS: kamera husoma bamba la namba na ankara hufuata, na magari mengi ya kukodi huwa na kifaa chake tayari kwenye kioo. Mwulizeni mwenye gari kama kifaa hicho kimeunganishwa na akaunti ya feri iliyolipiwa kabla, kwa maana akaunti hiyo hupunguza nauli ya gari dogo la binafsi kwa nusu, na kwa kila kivuko kinachotozwa nauli nusu hiyo si haba.

Jambo jingine ambalo lilinifunza subira ni hili. Kati ya Anddalsvågen na Forvik hakufiki kilomita 20, na feri moja ikishusha, magari yote hukimbilia nyingine kana kwamba yamefungwa kamba moja. Safari ya kwanza nilikimbia nao, nikiwa na gari pana katika barabara ambayo mahali pengine ni ya gari moja na nusu, na nyuma yangu sahani zikigongana kabatini. Nilifika nikiwa nimelowa jasho, na sikumbuki hata mlima mmoja wa kipande kile. Safari ya pili niliegesha kwenye sehemu ya kupishana, yenye kibao cha herufi M, nikawaacha wapite wote. Nilipofika Forvik nilisubiri feri iliyofuata, nikapika chai, nikatazama kisiwa cha Vega upande wa magharibi, ambacho pamoja na funguvisiwa lake kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004 kwa sababu ya watu wake waliowajengea bata-bahari aina ya eider vijumba vya kutagia na kuokota manyoya yao laini. Tangu hapo naishauri familia yoyote itenge siku sita kwa barabara hii, na isipange kuvuka feri zaidi ya mbili kwa siku moja.

Msiache kupanda Torghatten karibu na Brønnøysund, mlima uliotobolewa tundu lenye urefu wa takribani mita 160 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wenyeji husimulia kwamba Hestmannen, mpanda farasi, alimfyatulia mshale msichana aliyemkimbia, na mfalme wa Sømna akautupia mshale ule kofia yake; mshale ukatoboa kofia, jua likachomoza, na wote wakageuka mawe. Ukiendelea kaskazini utawakuta tena mmoja mmoja: Dada Saba, milima saba iliyofuatana, wamepangana juu ya mji wa Sandnessjøen, na Hestmannen mwenyewe amesimama baharini kwenye Duara la Aktiki, jirani na kivuko cha Kilboghamn. Mama atapenda, maana hadithi hiyo anaitazama kwa siku tatu mfululizo.

Baharia wa Zamani

Mwanangu, nimefanya kazi melini kwa miaka mingi, zikiwemo feri za magari za kaskazini, na hilo la kukwaruza mkia ndilo ninaloweza kukujibu kwa uhakika. Hutokea. Gari-nyumba nyingi zina mkia mrefu nyuma ya magurudumu, na chini ya mkia huo mtengenezaji ameweka bomba la maji machafu na ngazi. Gari likianza kupanda daraja la gati lililoinama, magurudumu ya nyuma hubaki bondeni huku mkia ukishuka kuelekea lami.

Kinachoamua mwinamo huo ni maji kujaa na kupwa. Katika pwani ya Bodø na Helgeland tofauti ya maji wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, hufika mita 2 hadi 3, na daraja la gati hupanda na kushuka pamoja na feri. Maji yakiwa yamejaa nusu, daraja huwa karibu kulala sawasawa na hutahisi lolote. Yakipwa kabisa siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, daraja huelekea chini kama paa la nyumba, na kuingia huwa ni kushuka, kutoka ni kupanda. Mamlaka ya ramani ya Norwe, Kartverket, hutoa jedwali la maji kwa kila sehemu ya pwani bila malipo. Tazama jedwali hilo pamoja na ratiba ya feri, na siku za bamvua, kama unaweza, chagua kuvuka saa mbili au tatu baada ya maji kupwa. Maji mafu, ya siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, hayana shida.

Nitakueleza tukio moja nililolishuhudia kwa karibu. Gari-nyumba refu kuliko lenu lilikuwa likishuka kwenye gati wakati maji yamekupwa sana. Dereva alikuwa na haraka, akaona mlango umefunguka, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yalipopanda, ule mkia ukagusa bamba la chuma kwa mlio ambao kila mtu sitahani aliusikia, na kibebeo cha baiskeli kikakunjika juu kama ukurasa wa kitabu. Nilipiga goti kuangalia chini: koki ya tangi la maji machafu ilikuwa imeng'oka, na maji yanachuruzika kwenye sitaha. Gari lililofuata lilikuwa la urefu uleule. Yule mama aliyeliendesha alishusha kioo, akatuuliza tunashaurije. Tulimwambia asubiri kidogo, tukaweka mbao mbili mbele ya magurudumu ya nyuma, naye akapanda kwa mshazari, polepole kuliko mwendo wa mtu anayetembea. Baina ya mkia wake na chuma palibaki nafasi ya vidole vitatu. Akapita salama.

Kwa hiyo fanya hivi. Unapopanga foleni, mwite baharia mapema, mwonyeshe mkia wa gari, mwulize kama leo daraja liko vibaya. Wao huliona daraja hilo mara nyingi kwa siku na hawachoki kuulizwa. Wanachokichukia ni dereva asiyewatazama mikono. Ingia kwa mshazari pale anapokuelekeza, ili magurudumu yasipande yote kwa pamoja. Baiskeli zifunge juu kadiri kibebeo kinavyoruhusu. Mumeo aendeshe, wewe ushuke utembee pembeni ukitazama chini ya mkia, ikiwa tu baharia amekuruhusu kushuka.

Gari likishasimama, weka gia, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, na zima king'ora kinachostuka kwa mtikisiko, la sivyo kitalia njia nzima kwa kuwa bahari haitulii. Gesi ifungwe kwenye koki ya mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu, na friji iache kutumia gesi kabla hujafika gatini. Usiifungue tena mpaka umetoka nje ya gati.

Bi Kaskazini

Dada Msafiri, mimi nitasema juu ya mama tu, kwa sababu nami nilisafiri na mama yangu mzazi ambaye bahari humsumbua hivyohivyo.

Vivuko sita vya Kystriksveien visikutie wasiwasi. Vyote vimekingwa na visiwa, na kwa mwezi wa Juni maji huwa tulivu mno, ingawa upepo wa kusini-magharibi unaweza kuyachafua kwa saa chache. Katika vile vifupi watu wengi hubaki garini pale mabaharia wanaporuhusu, lakini sikushauri umwache mama amelala kitandani. Mtu aliyejifungia ndani, asiyeona upeo wa bahari, hushikwa na kichefuchefu upesi zaidi kuliko aliye nje kwenye hewa. Mpandishe juu taratibu, umkalishe katikati ya chombo ambako mtikisiko ni mdogo, atazame mbali kule mbingu na bahari zinapokutana. Mama yangu alivuka kutoka Forvik hadi Tjøtta saa nzima akiwa amefunikwa blanketi kwenye benchi la nje, na alichozungumza njia yote ni Dada Saba.

Bodø hadi Moskenes ni habari nyingine kabisa, na hapo naomba unisikilize vizuri. Safari ile huchukua kati ya saa tatu na nne ikienda moja kwa moja, na zaidi ikiwa itapitia visiwa vya Værøy na Røst. Inakata Vestfjorden, ambayo licha ya kuitwa fiodi, yaani ghuba nyembamba, ni bahari ya wazi, na mawimbi marefu huingia kutoka kusini-magharibi bila kizuizi. Sitaha ya magari hufungwa, hivyo hakuna atakayebaki kwenye gari-nyumba. Siku ya shwari ni safari ya kupendeza isiyo na mfano: ukuta wa Lofoten unachomoza taratibu kutoka majini, kwanza kama wingu la buluu, kisha kama meno ya msumeno. Siku ya upepo, wazima hulala sakafuni. Sisi tulipata siku ya upepo. Nilimshika mama yangu mkono kwa saa tatu na sikuwa na la kumsaidia, na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu njia nyingine ilikuwepo nami nilikuwa naijua.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Bodø rudini hadi Fauske, mshike E6 kuelekea kaskazini hadi Bognes, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa jumla, kisha mpande feri ya Bognes kwenda Lødingen. Kuvuka huko ni kwa saa moja hivi, katika maji ya ndani yaliyokingwa vizuri, na mkishuka mnaungana na E10 inayowapeleka magharibi kupitia Svolvær hadi kijiji cha Å, mwisho wa barabara. Mnaingia Lofoten kwa mlango wa nyuma, kusema kweli, lakini mama anafika akiwa na nguvu za kutembea. Baadaye, utabiri ukionyesha siku mbili za shwari, mnaweza kurudi kwa feri ya Moskenes hadi Bodø na kupata ule uzuri bila ile adha. Kwa feri hiyo, tofauti na zile sita, sehemu ya nafasi za kiangazi huwekwa mapema, na gari refu lisilo na nafasi huweza kusubiri sana gatini.

Dawa za kuzuia kichefuchefu hufanya kazi zikimezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kuumwa. Lakini kwa umri wa mama, na hasa kama anatumia dawa nyingine, mwulizeni daktari kwanza, maana baadhi ya dawa hizo huleta usingizi mzito na kizunguzungu, na ngazi za feri ni za chuma na zina mwinamo mkali.

Mtembea Pwani

Nakubaliana kabisa na Bi Kaskazini kuhusu Vestfjorden. Naongeza jambo moja la usiku, kwa sababu nimeona watu wakigombana na wenyeji.

Wageni wengi wanafikiri kwamba haki ya umma ya kutembea na kulala porini, iliyoandikwa katika sheria ya mwaka 1957, inaliruhusu gari-nyumba kulala popote. Sheria hiyo inamlinda mtu mwenye miguu na hema, tena akae angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa. Kuingiza gari kwenye nyika isiyo na barabara kumekatazwa. Gatini nako msilale: mistari ile ni ya foleni, na dereva wa lori la samaki anayewahi feri ya alfajiri akikuta mmevuta mapazia mbele yake, ana haki ya kukasirika. Tumieni kambi za magari, ambazo katika pwani ile ziko nyingi na nyingine zimekaa ukingoni kabisa mwa bahari. Huko ndiko kwenye mahali halali pa kumwagia choo na maji machafu, na ndiko mama atakakopata bafu lenye nafasi.

Usiku mmoja naomba muutumie Holandsfjorden, baada ya feri ya Forøy. Ng'ambo ya fiodi barafu ya Svartisen, ya pili kwa ukubwa katika Norwe bara, inashuka kwa ulimi wake uitwao Engabreen kuelekea ziwa, na jua la saa sita ya usiku huupaka ulimi huo rangi ya shaba. Gari linabaki upande wa barabara. Kwenye barafu mnakwenda kwa mashua ndogo ya abiria. Wakati huo mtakuwa mmeshavuka Duara la Aktiki katikati ya Kilboghamn na Jektvik, kwa hiyo katikati ya Juni jua halitatua tena, isipokuwa mlima ukilificha.

Msafiri wa Polepole

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee wangu Baharia. Nimewasomea mume wangu na mama majibu yote kwa sauti. Mume wangu amekubali pwani, na kilichomgeuza ni jedwali la maji: ameshalifungua na kuandika saa za kupwa kwa kila siku ya safari yetu pembeni mwa ratiba. Tumeona kwamba siku tunayopangiwa kuvuka Horn na Forvik inaangukia karibu na mwezi mpevu, kwa hiyo tutalala Brønnøysund usiku wa ziada, tupande Torghatten, na tuvuke maji yakiwa yanajaa. Lofoten tutaingia kwa Bognes. Mama amesema Moskenes ataamua mwenyewe siku hiyohiyo, akishayatazama maji kwa macho yake.

Limebaki swali moja. Tukifika Saltstraumen, mlango mwembamba wa bahari wenye mkondo mkali kabla ya Bodø, jedwali hilohilo linatosha kujua saa ya kuutazama ule mkondo?

Baharia wa Zamani

Marahaba mwanangu, na mpe mama salamu zangu. Jedwali la Bodø halitoshi lenyewe, kwa sababu mkondo wa Saltstraumen hauendi sambamba na kujaa na kupwa kwa Bodø. Mlango ule una upana wa takribani mita 150 tu, na fiodi iliyo nyuma yake hupata maji kwa kuchelewa. Tafuteni jedwali la Saltstraumen lenyewe, ambalo huonyesha saa za nguvu kuu ya mkondo; zinakuja mara nne kwa siku, kila baada ya saa sita na dakika chache, mbili maji yakiingia na mbili yakitoka. Siku zilezile za bamvua mlizozikwepa kwenye gati ndizo nzuri zaidi kwa mkondo, na kwa hesabu yenu mtafika siku chache tu baada ya mwezi mpevu, nguvu ikiwa bado ipo.

Egesheni upande wa kambi, mshuke kwa miguu hadi kwenye miamba chini ya daraja, mama awe upande wa ndani na avae viatu visivyoteleza. Fikeni nusu saa kabla ya saa ya jedwali. Kwanza mtaona maji yamelala kama mafuta, kisha mistari itaanza kuchorwa juu yake, na visima vya maji vitafunguka kimoja baada ya kingine hadi mtasikia sauti yake kabla hamjaona upana wake.